Gunda wa Bucha Ajitosa Mferejini

Kwa zaidi ya miaka ishirini, Gunda Zitzmann alikuwa bingwa wa kuzomea watu waliokonda. Kila mwaka, Jumapili moja ya Julai, mashindano makubwa ya kuogelea, baiskeli na kukimbia yalipita kijijini kwao Oberkreppach. Siku hiyo Gunda na wenzake walilitoa benchi la bucha, wakaliweka pale kilima kinapoanza kuuma, wakafungua bia kabla hata ya kengele ya kanisa, kisha wakaanza kazi.

"Kanyaga, kaka, mkeo keshakupita!"

"We dada, hicho kiti umekikalia, au chenyewe ndicho kimekukalia?"

Wengi wa wapanda baiskeli walikuwa wageni kutoka kila pembe ya dunia. Kwa kuwa hawakuelewa hata neno moja la lahaja ya Kijerumani ya kwao Franken, walidhani wanashangiliwa, wakapunga mkono kwa shukrani.

Gunda alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana, mwenye sauti iliyokomaa kwa kushindana na mashine ya kukatia nyama. Aliuza soseji kwenye bucha ya shemeji yake Erwin. Mumewe wa zamani alihamia Nürnberg na mwalimu wa yoga, na ukimuuliza Gunda kulitokea nini, alikujibu kwa mkato: "Alitaka mtu anayekunjika."

Mkosi wenyewe aliuanzisha Lothar Deuerlein. Huyu alikuwa fundi wa kuezeka paa, kamanda wa zimamoto wa kujitolea wa kijiji, mtu wa masharubu mazito na mdomo usiokuwa na breki. Usiku wa kutimiza miaka hamsini, pale kwenye kilabu cha kijiji, alipiga meza na kutangaza kwamba hao wapita njia wa Julai hawana lolote. "Mimi nikitaka, naweza. Sijataka tu."

"Ungeweza nini, Lothar?" aliuliza Mchungaji Friedrun Kolb, aliyeketi mkabala naye na glasi yake ya bia. "Wewe ukifunga kamba za viatu unapumzika katikati."

Watu walicheka, na Gunda ndiye aliyecheka kuwashinda wote, ndiyo maana Lothar akamgeukia. "Cheka, mama soseji. Wewe ukiingia kwenye bwawa, maji yote yanahamia barabarani."

Gunda akafuta midomo. "Sawa," akasema. "Tunajiandikisha wote watatu. Atakayeacha njiani, mwaka mzima atahudumu humu kilabuni amevaa gauni langu."

Walidhani hawatapata nafasi, maana nafasi za shindano lile huisha haraka kuliko maandazi ya moto. Lakini siku ya kujiandikisha Lothar alibonyeza simu akiwa juu ya paa, Mchungaji alibonyeza yake chini ya meza huku akifundisha vijana wa kipaimara, na Gunda alibonyeza kwa kidole kimoja wakati mkono mwingine unapima maini ya Bibi Lochner. Wote watatu wakapata. Bibi Lochner alikuwa wa kwanza kupewa habari, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Kufika saa sita mchana hata ng'ombe walijua.

Mazoezi yalianzia kwenye bwawa la ndani la mji wa jirani. Gunda alijua mtindo mmoja tu wa kuogelea, nao ni ule wa bata bukini: shingo juu, kidevu juu, mikono inasukuma maji pembeni kana kwamba anapenya kwenye foleni. Kijana mwalimu alimwambia aweke uso majini.

"Nikiweka uso majini nitaonaje?"

"Kuna miwani, mama."

"Na nitaongeaje?"

Kijana alijaribu kumfundisha kwa majuma matatu, akanywa maji yeye zaidi ya mwanafunzi wake, na mwishowe akakubali kwamba hakuna sheria inayokataza bata bukini. Mchungaji Friedrun yeye aliogelea kama mtu aliyezaliwa na mapezi. Lothar alipiga mbizi, akapiga mikono kama makasia, akarusha maji hadi kwa mabibi vizee wa mazoezi ya viungo, wakamtolea maneno ambayo mtu hayategemei kutoka kwa watu wenye kofia za maua. Kwenye bwawa lile, sakafu ikionekana na kuta zikiwa karibu, hakuna aliyemshinda kwa majigambo.

Kisha zikaja suti za mpira. Ya Gunda iliagizwa kwa vipimo alivyovitaja mwenyewe, na vipimo hivyo vilikuwa vya enzi za ndoa. Walikutana jikoni kwa Mchungaji kuijaribu. Ilipofika mapajani, ikagoma.

"Vuta!" aliamuru Gunda.

"Navuta!" alisema Friedrun, amemshika kama mtu anayempandisha ng'ombe lorini. "Vuta pumzi ndani."

"Nimeshaivuta tangu asubuhi!"

Lothar, aliyekuwa amegeuzwa uso kuangalia picha ya Luther ukutani kwa ajili ya heshima, akatoa ushauri kwamba wapake mafuta. Mafuta yaliyokuwepo ni kopo la mafuta ya nguruwe ambalo Gunda mwenyewe alilileta kama zawadi. Suti ikaingia, tena kwa mteremko. Shida ilikuja baadaye walipotoka kwenda kuijaribu kwenye bwawa la Erwin la nyuma ya malisho: mbwa watatu wa kijiji waliwafuata njia nzima, na mmoja aliingia naye majini.

Baiskeli nayo ilikuwa na vituko vyake. Viatu vya mchezo ule hunasa kwenye pedali, na kuvitoa lazima uzungushe kisigino upande. Gunda alilijua hilo kichwani. Kisigino chake hakikuwa na habari. Alianguka penye taa za kuongozea magari mbele ya wateja wake, polepole kama mti unaokatwa, akiwa na muda wa kutosha kusema "Habari za asubuhi, Bwana Stöcklein" kabla ya kufika chini. Lothar alinunua baiskeli nyepesi kuliko koti lake, kisha akaipanda yeye, kwa hiyo faida ikapotea.

Lakini aliyewashangaza watu ni Mchungaji. Yule mama mpole, aliyekuwa na sauti ya asali ubatizoni, akipanda baiskeli alitukana kama dereva wa lori. Alitukana upepo, akatukana matrekta, akaitukana chembe ya chavua iliyomwingia jichoni. Gunda akamwuliza kama Mungu hasikii.

"Anasikia," alijibu Friedrun akihema. "Lakini anajua kilima hiki, alikiweka yeye."

Ili wawahi kutoka Jumapili, alifupisha mahubiri hadi yakabaki kama tangazo la redio. Waumini wakaongezeka.

Na kulikuwa na suala la chakula. Wanamichezo wa kweli hunyonya vipakti vya jeli tamu njiani. Gunda alijaribu kimoja, akatema, akasema ni gundi ya karatasi za ukutani yenye harufu ya ndizi. Yeye alibeba viazi vidogo vilivyochemshwa na kuviringishwa kwenye chumvi, pamoja na mkate wenye maini ya kusaga, vyote ndani ya karatasi ya bucha. Lothar, mwanamichezo wa kisasa, alinyonya jeli sita kwa mkupuo katika safari ndefu ya kwanza. Katikati ya njia akashuka ghafla, akaitupa ile baiskeli ya thamani mtaroni, akazama kwenye shamba la mahindi machanga yaliyokuwa yanafika magotini tu.

"Balaa!" ilisikika sauti yake. "Msiangalie!"

"Hatuangalii," alisema Gunda, akimenya kiazi. "Ila yule mwenye trekta anaangalia."

Hivyo ndivyo walivyofika mwezi wa Mei: wamechubuka, wamebabuka, na bila kutaka wakawa wameanza kuzoeana kuliko ndugu. Gunda alikuwa akiamka kabla ya saa kulia na kushuka ngazi akiwa na hamu, kitu ambacho hakukumbuka mara ya mwisho kukiona. Hakumwambia mtu. Kwa mdomo alisema tu kwamba anafanya haya yote ili amwone Lothar ndani ya gauni.

Mei ndipo maji ya mfereji yanapoanza kuvumilika. Mfereji ule mkubwa, wenye kupitisha meli za mizigo, ndimo shindano linapoogelewa, na wote waliokuwa wakijiandaa walianza kwenda huko. Mara ya kwanza Lothar alikuwa na mafua. Mara ya pili mgongo ulimkaza. Kisha akaja na habari kwamba yeye sasa anaogelea peke yake alfajiri, maana wao wanamchelewesha. Na kweli, alipita kijijini asubuhi nywele zikiwa zimelowa, taulo shingoni, akisalimia watu kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi kubwa.

Siku moja Mchungaji alikwenda makaburini mapema kuangalia kaburi lililochimbwa. Pale bombani, mahali watu wanapochota maji ya kumwagilia maua ya marehemu wao, akamkuta kamanda wa zimamoto ameinama, anajimwagia kichwani kwa kopo la kijani la kumwagilia.

"Lothar."

Lothar aliruka, kopo likaanguka. "Nasuuza klorini," alisema.

"Mfereji hauna klorini."

Friedrun hakumpa mahubiri. Alimpigia Gunda simu, na Gunda akaja na aproni yake yenye damu, akiwa ameandaa matusi ya kutosha juma zima. Lakini alipomwona ameketi kwenye ukingo wa bomba, masharubu yanadondosha maji, matusi yakamkauka.

Lothar akawaeleza. Zamani, alipokuwa bado kijana kwenye zimamoto, waliitwa mferejini kumtafuta mtu aliyetoka dansini na kuzama. Yeye ndiye aliyeshuka. Maji yalikuwa meusi, huoni hata kiganja chako, unapapasa tu. Na akampata kwa kumpapasa. "Usoni," alisema. "Mkono wangu ulimgusa usoni. Tangu hapo sijaweka hata mguu mle. Nikiwa kamanda nawatuma wengine, najifanya nasimamia."

"Sasa mbona ulijiandikisha, mjinga wewe?" aliuliza Gunda, ila kwa sauti ya chini.

"Si mlinicheka."

Gunda akaketi kando yake ukingoni, kati ya mawe ya makaburi. Kisha akasema: "Kesho tunaingia mimi na wewe. Huweki uso majini. Utaogelea kama mimi, shingo juu, na utaniangalia mimi."

"Kukuangalia wewe ndiyo dawa?"

"Si kuniangalia. Kunisikiliza. Unajua nimesikia nini kuhusu Wunibald?"

Wunibald alikuwa mwenye kiwanda cha bia cha kijiji, mtu wa kuheshimika sana. Lothar akainua kichwa. "Wunibald amefanya nini?"

"Kesho. Majini."

Na kesho yake Lothar Deuerlein akaingia mferejini. Alishuka ngazi za chuma akiwa amepauka kama unga, maji yalipomfika kifuani akaanza kuhema kama mbwa, na Gunda kando yake akaanza kusema. Mke wa Wunibald alikuwa ameona kwamba mumewe kila Alhamisi anatoka na kofia ya kigeni. Akamfuata kwa gari. Wakapita daraja. Wakapita msitu.

"Kwa mwanamke?" aliuliza Lothar, meno yakigongana.

"Ogelea hadi kwenye ule mti, nikwambie."

Akaogelea. Siku nyingine wakafika darajani, na Lothar akajua kwamba Wunibald aliegesha gari nyuma ya nyumba fulani na kuvaa masharubu ya bandia. Ilichukua majuma mawili na mwendo wa kilomita kadhaa mpaka Gunda akamalizia: Wunibald alikamatwa kwenye kilabu cha kijiji jirani cha Unterkreppach, kona ya giza, anakunywa bia ya mpinzani wake. Glasi ya tatu! Tena anatabasamu!

Lothar alisahau kabisa kwamba yuko kwenye maji marefu. "Haiwezekani," alisema. "Ningesikia ni mwanamke ningemsamehe."

Gunda alikuwa nyuma ya kaunta kwa miaka thelathini. Umbea wa wilaya nzima ulipita mikononi mwake pamoja na soseji. Haukumwishia. Mchungaji alipita pembeni yao kwa mtindo wake wa samaki, akirudi akapita tena, na kila mara alipunguza mwendo kidogo ili asikie.

Siku yenyewe ikafika. Mzinga ulilia, moshi ukatanda juu ya mfereji, watu wakaingia kwa mafungu, na fungu la mwisho kabisa lilikuwa na Gunda na Lothar, nyuma ya wote. Mtu mmoja alimpiga Lothar teke la tumbo na mwingine akampanda mgongoni, Lothar akaanza kutoa macho.

"Niangalie mimi!" alipaza Gunda. "Unajua kwa nini Bibi Lochner hasemezani na dada yake?"

"Kwa... kwa nini?"

"Boya la njano."

Wakaogelea, shingo mbili juu kama bata bukini mke na mume, huku mlinzi kwenye kayaki akiwafuata kwa karibu. Mwanzoni alikuwa anawalinda. Baadaye, kwenye boya la mbali, alimwuliza Gunda: "Samahani mama, huyo dada alirudisha lile sufuria, au?"

Walitoka majini wakiwa wamebakiza muda mdogo tu kabla ya waliochelewa kuondolewa. Lothar alisimama kwenye nyasi, akatazama nyuma, akayatazama yale maji marefu yote aliyoyavuka, na uso ukamkunjamana. Gunda alidhani atamshukuru. Lothar akafuta pua, akasema, "Umenichelewesha," akakimbilia baiskeli. Gunda alipokuwa bado anapambana na suti, mwenzake alikwishapotea.

Njia ya baiskeli ilikuwa mizunguko miwili, na kila mzunguko ulipita Oberkreppach. Benchi lilikuwa mahali pake. Lothar alipita hapo amesimama juu ya pedali, akirusha mabusu kwa watu. Alipofika Gunda, shemeji yake Erwin alikuwa ameshika kipaza sauti cha zimamoto.

"Leo bucha imefungwa, ndugu zangu, nyama imetoroka! Gunda! Mbona unakwenda kama unasindikiza maiti?"

Gunda alimjibu neno moja ambalo baadaye Mchungaji alimwomba asilirudie. Hata hivyo alipokizunguka kilima na kuwa peke yake kati ya mashamba, aligundua kuwa anacheka, na kwamba miguu inazunguka yenyewe.

Katika mzunguko wa pili akamkuta Lothar. Amekaa kwenye nyasi kando ya barabara, baiskeli imelala, vipakti vya jeli vimemzunguka kama maganda ya karanga. Safari hii hakukuwa na shamba la mahindi. Kilichotokea kilikuwa kimeshatokea.

"Pita," alisema Lothar bila kuinua uso.

"Kwani ulidhani nitashuka?" Lakini alisimama, kwa mguu mmoja, bila kuanguka, akampa viazi viwili. "Kula. Taratibu. Halafu upande."

"Sitawahi."

"Basi hutawahi, lakini utakuwa umekula."

Lothar alipanda, akajikokota, na kwenye kizuizi cha mwisho bendera ya kufunga muda ilikuwa imeshashuka. Wakamvua kifaa cha mguuni cha kupimia muda, safari yake ikaishia hapo. Gunda alivuka pale na dakika chache mkononi, bila kujua nyuma kuna nini.

Iliyobaki ilikuwa kukimbia, ikiwa unaweza kukuita kule kukimbia. Njia ya kando ya mfereji imenyooka hata inatia hasira. Unaona mahali utakapofika saa nzima kabla hujafika. Huko ndiko alikokutana na Mchungaji Friedrun, aliyekuwa anarudi kuelekea mwisho, chumvi imemkauka usoni.

"Mfereji huu umetengenezwa na Shetani!" alipaza Friedrun.

"Si ulisema kila kitu ni cha Mungu?"

"Mungu alitengeneza mito. Mito inapinda!"

Wakapigana viganja, kila mmoja akaenda njia yake.

Jua lilipoinama, Gunda aliketi kwenye kreti tupu kwenye kituo cha maji, akavua kiatu kimoja, akatamani asingekivua. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imeamua kuhama. Msichana wa kugawa maji alichuchumaa mbele yake. "Mama," alisema kwa upole mwingi, "si vibaya ukiacha. Kwa umri wako, kufika hapa tu ni jambo kubwa."

Gunda alimtazama. Alikuwa amechekwa maisha yake yote: kwa unene wake, kwa mume aliyeondoka, kwa mbwa waliomfuata hadi majini. Kuchekwa alikuzoea, alikupokea, akakurudisha kwa riba. Lakini hii sauti ya upole, ya mtu anayemfunika mgonjwa blanketi, aliiona ikimngojea Jumatatu kwenye kaunta, wateja wakiinamisha vichwa pembeni: pole, Gunda, ulijitahidi. Hiyo hakuiweza.

"Mwanangu," alisema, akirudisha mguu ndani ya kiatu na kung'ata midomo, "nisaidie kusimama kabla sijakutukana."

Alifika uwanjani mwanga wa mwisho ukiwa bado angani. Alikuwa amewatangulia wachache tu, wanaohesabika kwa vidole. Muziki ulikuwa mkubwa, watu wasiomjua walikuwa wanapiga kelele jina lake, na yeye, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alivuka mstari mdomo wazi bila neno. Friedrun alimdaka upande mmoja. Upande mwingine alikuwepo Lothar, anakunywa bia, analia hadharani bila hata kujificha nyuma ya masharubu.

"Kwa nini unalia wewe?" aliuliza Gunda alipopata sauti. "Gauni bado halijafika."

"Nilivuka mfereji," alisema Lothar. "Mzima mzima. Wamenitoa kwenye baiskeli, na wanitoe. Niliuvuka."

Suala la gauni lilijadiliwa sana kijijini. Lothar alidai kwamba hakuacha njiani, alitolewa. Mchungaji alitoa hukumu kwamba adhabu ipunguzwe iwe jioni moja. Ilikuwa jioni iliyojaza kilabu kuliko harusi yoyote, na wanawake kadhaa walikiri kwamba rangi ile ya samawati ilimkaa vizuri.

Jumatatu baada ya shindano Gunda alifungua bucha kama kawaida. Hakuweza kushuka ngazi za stoo kuleta nyama iliyokaushwa kwa moshi, wala kuinama kwenye kabati la chini, kwa hiyo wateja walizunguka nyuma ya kaunta na kujihudumia, yeye akiwa ameketi kwenye kiti kirefu anaamuru kwa kisu. Hakuna aliyeinamisha kichwa pembeni. Bibi Lochner alisema kwamba kwenye picha za gazeti alionekana mnene.

Lothar huogelea mferejini hadi leo, kila asubuhi mpaka baridi imfukuze, na nywele zake zimelowa kihalali. Mchungaji amejiandikisha tena na tena. Gunda yeye, tangu siku ile, hajaloweka zaidi ya magoti. Lakini asubuhi kabla ya kufungua bucha utamwona anapita ukingoni na baiskeli, pole pole, sambamba na kichwa chenye masharubu kinachosonga majini, naye anasimulia. Na kichwa kile kikisimama na kuuliza "halafu?", Gunda anaonyesha daraja kwa kidole.

"Pale," anasema. "Twende."